Tumbawe Likiumia, Tuliza Maji Kwanza

Mtu akikuta tumbawe kwenye tangi lake limepauka upande mmoja, au nyama yake imechanika hadi mfupa mweupe umejitokeza, swali la kwanza analouliza ni dawa gani anunue. Jibu langu huwa halimpendezi: asinunue kitu. Apime maji, atafute kilicholijeruhi, akiondoe, kisha atoe mikono yake tangini. Tumbawe lina nguvu ya kujiponya kuliko wengi wanavyodhani, ila lina sharti moja zito: hali inayolizunguka isibadilikebadilike.

Sisi wa pwani hii tuna ushahidi wa jambo hilo mbele ya macho yetu. Miamba iliyotawanyika kuanzia Msasani, Mbudya na Kunduchi hadi Bagamoyo ilipigwa baruti kwa miongo mingi. Uvuvi huo ulishazoeleka Tanzania tangu miaka ya 1960, Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 ikaupiga marufuku kama zilivyofanya sheria zilizoitangulia, lakini mlio wa baruti haukupungua kwa kiasi cha kuonekana mpaka ulipofanyika msako mkali katikati ya miaka ya 2010. Ajabu ni kwamba hatari kubwa ya baruti kwa tumbawe haimo katika mlipuko wenyewe. Imo katika vifusi unavyoviacha. Vipande vilivyovunjika hubingirishwa na mawimbi huku na huku, na mtoto wa tumbawe akijaribu kujishika juu yake anasagwa kabla hajafikia ukubwa wa punje ya mchele. Mwamba uliokufa kwa joto lakini ukabaki umesimama unaweza kuvaa uhai tena. Uwanja wa vifusi hubaki uwanja wa vifusi kwa miaka mingi. Ukilielewa hilo umeshaelewa nusu ya kazi ya kulitunza tumbawe lililoumia nyumbani: lipate mahali pasipotikisika, na maji yasiyogeukageuka.

Kabla ya kufanya lolote, tambua unaona nini. Tumbawe ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wanaoitwa polipi, kila mmoja na mdomo wake na minyiri yake, waliojitandaza kama ngozi nyembamba juu ya mfupa wa chokaa wanaoujenga wenyewe. Ndani ya nyama yao wanaishi mwani wadogo sana wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaolipa tumbawe rangi pamoja na sehemu kubwa ya chakula chake cha kila siku. Maji yakipata joto kupita kiasi, au taa ikiwa kali ghafla, tumbawe huwafukuza wapangaji hao. Linabaki jeupe. Wengi hapo hulitupa wakidhani limekufa, kumbe nyama bado ipo, imekuwa tu angavu mithili ya kioo. Subiri usiku, zima taa, tazama kwa tochi hafifu: ukiona minyiri imetoka, au utando laini unang'aa juu ya mfupa, hilo liko hai na lina njaa.

Jeraha la aina ya pili ni nyama kuondoka kabisa. Hapo mfupa hubaki mtupu, vishimo vya polipi vimekaa wazi, na baada ya siku chache mwani wa kijani au wa kahawia huanza kuota juu yake. Sehemu hiyo imekufa na haiponi yenyewe. Kinachowezekana ni nyama ya jirani kutambaa na kuifunika. La kuangalia ni mpaka kati ya nyama na mfupa. Ukisimama mahali pamoja kwa siku kadhaa, pumua. Ukisogea kila asubuhi, kuna kitu kinaendelea kuliumiza. Ukisogea kwa saa badala ya siku, nyama ikimenyuka vipandevipande, hapo ndipo pa kukimbilia koleo, nami nitalifikia.

Aina ya tatu ni kuvunjika tu: tangi limesukumwa, mtoto ameingiza mkono, jiwe limeanguka. Hili ndilo linalotisha zaidi kwa macho na ndilo jepesi kuliko yote.

Sasa maji. Maji ya bahari ya wazi yana chumvi gramu 35 hivi katika kila kilo, na kwenye haidromita utasoma kati ya 1.025 na 1.026. Joto lishike nyuzi 25 hadi 27. Bahari yetu yenyewe hushuka karibu nyuzi 25 wakati wa kusi, Julai na Agosti, na kupanda hadi 29 au 30 mwezi Machi, na matumbawe ya hapa yameizoea safari hiyo kwa sababu hupanda polepole kwa miezi. Tangi la lita mia mbili lililoachwa karibu na dirisha linalopigwa na jua la jioni pale Mbezi Beach linaweza kwenda safari hiyohiyo mchana mmoja. Wataalamu wa bahari hukisia kwamba nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, ikidumu kwa majuma kadhaa, inatosha kuyapausha matumbawe. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, joto la El Niño lilipoua matumbawe mengi sana magharibi mwa Bahari ya Hindi, Mafia ikiwa miongoni mwa mahali palipoumia vibaya. Ikajirudia 2016, na 2024 tena.

Vipimo vingine ni vya madini. Tumbawe la mfupa hujenga kwa kalisi na kaboneti, basi kalisi iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300, na ualkali kati ya 7 na 9 kwa kipimo cha dKH. Katika hivyo vitatu, ualkali ndio unaoyumba haraka na ndio unaoua kimyakimya. Ukiukuta umeshuka hadi 5, usimwage unga wa kuurudisha wote kwa mkupuo. Uupandishe kwa kiasi kisichozidi 1 kwa siku. Nitrati na fosfati nazo zisiwe nyingi, ila zisiwe sifuri pia. Kuna ushamba fulani wa kutaka maji yawe safi kupita bahari yenyewe, na tumbawe lililopauka katika maji ya namna hiyo hukonda mpaka likaisha, kwa kuwa wale mwani wake wanahitaji mbolea kidogo ili warudi.

Aliyeko Bagamoyo huona ana bahati kwa sababu bahari iko mlangoni. Anayo, ila si kwa kila ndoo anayoichota. Mto Ruvu humwaga maji yake kaskazini tu mwa mji, na Wami humwaga mbele zaidi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Masika ikishika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya kahawia hutanda baharini, chumvi hupungua na tope huongezeka. Kusini, upande wa Bunju, kuna Mto Mpiji. Ukisogea mjini zaidi kuna mito ya Tegeta na Mbezi inayoshuka na uchafu wa mitaa. Maji ya mbele ya soko la samaki, mahali ambapo mashua zinapakwa na injini zinatengenezwa, hayafai kamwe: mafuta kidogo tu yanatosha kuharibu. Unayetaka maji ya bahari, zungumza na mvuvi anayetoka nje, akuchotee mbali na ufuko wakati maji yamejaa, msimu wa kaskazi bahari ikiwa tulivu na angavu. Madumu yawe ya maji au ya chakula, yasiyowahi kubeba petroli wala dawa ya shambani. Ukifika nyumbani yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke kwenye pipa lenye kifuniko mahali pa giza kwa wiki moja au mbili, kisha uvute yale ya juu kwa mpira na uache mashapo chini. Pima chumvi kabla ya kuyatumia, hata kama yametoka baharini leo hii.

Anayetumia chumvi ya paketi ana kazi ya kutafuta maji matamu mazuri. Maji ya bomba ya Dar es Salaam na Bagamoyo hutoka Ruvu, yametiwa klorini na yanabeba vitu vingine vya mtoni. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvichumvi na madini yasiyojulikana. Mvua inayotiririka juu ya bati inakuja na zinki. Kinachofaa ni maji yaliyopitishwa kwenye mashine ya kuchuja ya RO, na muuzaji akiwa na kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, mwambie akupimie mbele yako. Yakisoma karibu na sifuri, chukua. Maji ya chupa ya kunywa siyapendekezi, kwani mengi huongezwa madini baada ya kuchujwa.

Hapa kuna kosa linaloua matangi mengi ya pwani, nalo linahusu feni. Feni ndogo ikielekezwa juu ya maji hupunguza joto kwa nyuzi mbili au tatu bila gharama kubwa, na mimi ni shabiki wake. Lakini feni inapoza kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na mvuke hauondoki na chumvi. Kila asubuhi usawa wa maji utakuwa umeshuka na chumvi iliyobaki imekuwa kali zaidi. Anayejazia kwa maji ya bahari anaongeza chumvi juu ya chumvi, na baada ya wiki mbili tumbawe limejikunja bila yeye kujua kwa nini. Jazia kwa maji matamu yaliyochujwa, kidogokidogo, kila siku. Fahamu pia kwamba masika hewa yetu inapolowana feni hupoteza nguvu, kwa sababu maji hayapati pa kwenda. Siku hizo gandisha chupa za maji zilizofungwa vizuri, uziweke moja moja tangini ukitazama kipimajoto, usizitumbukize tatu kwa pamoja.

Umeme ukikatika, wasiwasi wa kwanza wa watu ni taa. Tumbawe linaweza kukaa gizani siku mbili tatu bila madhara makubwa. Lisichoweza ni kukaa katika maji yaliyosimama, kwa maana hewa ndani ya maji huisha ndani ya saa chache, hasa usiku na kukiwa na joto. Kwa hiyo fedha ya kwanza ya dharura iende kwenye pampu ya hewa ya betri, kisha betri na inveta ya kuendesha pampu ya mzunguko peke yake. Taa isubiri. Umeme ukirudi baada ya kukatika siku nzima, washa taa kwa muda mfupi kwanza, uongeze siku zinazofuata.

Na dawa ya mbu. Nyumba zetu hupuliziwa kila jioni, na dawa nyingi za kopo zina sumu za jamii ya pairetroidi, ambazo kwa mtu hazina tabu kubwa lakini kwa kamba, kaa na wadudu wa majini ni maangamizi. Pampu ya hewa inayovuta kutoka chumba kilichopuliziwa huipeleka sumu moja kwa moja ndani ya tangi. Chumba chenye tangi kilindwe kwa nyavu za dirishani. Hali kadhalika dawa za kutibu samaki zenye shaba: zinawaponya samaki na kuwaua polipi, tena shaba hunasa kwenye mawe na kuendelea kudondoka kwa muda mrefu.

Maji yakishatulia ndipo tunarudi kwenye jeraha. Lililopauka, lishushe chini au punguza nguvu ya taa kwa theluthi moja hadi nusu, kisha uirejeshe polepole kwa majuma kadhaa. Lilishe, kwa kuwa limepoteza wapishi wake. Mgonjwa aliyetoka homani haanzishwi na biriani, huanzishwa na uji. Nalo hupewa chakula laini na kidogo, kama vifaranga vya atemia au unga wa chakula cha matumbawe, mara mbili au tatu kwa wiki, usiku minyiri ikiwa nje. Zima pampu dakika kumi na tano ili chakula kitue, kisha uiwashe. Chakula kilichobaki kinaoza, hivyo usione huruma ukazidisha.

Lililochubuka au kuchanika linahitaji mkondo wa maji wa wastani unaopita na kurudi, wa kuondoa ute na nyama iliyokufa. Usielekeze pampu moja kwa moja kwenye kidonda. Mwani ukianza kuota kwenye mfupa, usugue taratibu kwa mswaki laini bila kugusa ukingo wa nyama, na uwaachie konokono wala-mwani kazi iliyobaki. Huko baharini kazi hiyo hufanywa na pono, puju na tasi, na ndiyo sababu mwamba uliovuliwa samaki hao wote huchelewa kupona hata kama maji ni mazuri. Chunguza pia majirani. Yapo matumbawe yenye minyiri mirefu ya usiku inayochoma, jamii ya Galaxea ikiwa maarufu kwa hilo, na miamba ya karibu na Dar es Salaam inayo kwa wingi. Mchana yanaonekana yamekaa kwa heshima. Usiku yanamchoma jirani. Nafasi ya sentimita 15 hadi 20 baina yao huzuia ugomvi mwingi. Kagua na wadudu: konokono wadogo wasio na gamba, minyoo bapa, kaa aliyejificha ndani ya jiwe. Mwamba wa baharini nao una adui wake wa namna hiyo, kile kiti cha pweza chenye miiba mirefu, kinachotandaza tumbo lake juu ya tumbawe na kuacha mfupa mweupe nyuma yake.

Kuchovya tumbawe katika maji yenye iodini kunasaidia pale penye jeraha bichi au wadudu, na ndiyo tiba pekee ninayoikubali bila kusitasita. Tumia maji ya tangi lenyewe katika chombo kando, kipimo kama kilivyoandikwa kwenye chupa, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha ulisuuze kwa maji mengine ya tangi na umwage yale uliyochovyea. Usiimimine iodini tangini kwa kukisia.

Nilisema nitalifikia koleo. Nyama inapomenyuka kwa kasi, au unapoona utelezi wa kahawia unaoenea na kunuka, kusubiri ni kupoteza lote. Kwanza vuta utelezi huo kwa mpira mwembamba ukiutoa nje ya tangi, usiupulize ukasambaa. Kisha kata sentimita moja ndani ya sehemu iliyo hai kabisa, utupe iliyooza, uchovye iliyobaki, na uitenge na nyingine. Ikiwa ni tumbawe la matawi, kata vipande vitatu vinne kutoka kwenye ncha zenye afya na uviweke mahali tofauti. Mama akifa, wana wanabaki.

Kabla hujashika koleo, vaa glavu na miwani. Hili si la urembo. Matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya shati, yanayokaa kwa makundi juu ya jiwe, baadhi yake hubeba sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa za baharini. Huingia kwa mchubuko wa kidole, kwa jicho, na kwa mvuke. Usiyasugue kwa maji ya moto, na usichemshe jiwe lililotoka tangini kwa nia ya kulisafisha. Kuna familia katika nchi mbalimbali zilizolazwa hospitali kwa kufanya hivyo.

Tawi lililovunjika tu, bila ugonjwa, liokote, lipake gundi ya supaglu nzito kwenye kitako, libonyeze juu ya jiwe kavu kwa sekunde chache, ulirudishe majini. Gundi hiyo hugandia hata majini na haina madhara kwa polipi. Ndani ya wiki mbili tatu utaona nyama ikishuka na kulishika jiwe. Kuvunjika na kushika upya ndiyo njia ambayo matumbawe ya matawi yamekuwa yakizaliana kwa dhoruba tangu zamani, na juu ya msingi huo watu wanarudisha miamba iliyoharibika. Kule Mkwiro, kisiwani Wasini, kusini mwa Kenya, wanakijiji na watafiti huning'iniza vipande vya matumbawe kwenye bomba zilizosimamishwa majini, huvisafisha mwani mpaka vikue, ndipo huvipandikiza kwenye mwamba. Kazi yao kubwa si kupanda bali kusafisha na kungoja.

Kungoja kwenyewe kuna vipimo. Wiki ya kwanza unachokitafuta ni kutoharibika zaidi, basi. Minyiri ikianza kutoka saa zake za kawaida, hiyo ni habari njema. Ukingo wa nyama ukinenepa na kuwa wa mviringo badala ya kuwa mwembamba na wenye mapengo, umeanza kutambaa. Rangi ya lililopauka hurudi kwa majuma hadi miezi. Matumbawe ya matawi, jamii ya Akropora, yanaweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka yakiwa baharini. Yale ya mviringo kama jabali, jamii ya Poraitesi, huongeza kama sentimita moja tu. Kidonda cha ukubwa wa kiganja juu ya jabali la namna hiyo ni kazi ya miaka, wala hakuna chupa ya dukani itakayoiharakisha. Piga picha kila Ijumaa kutoka mahali palepale na taa ileile, kwa kuwa jicho linalotazama kila siku halioni mabadiliko. Ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, ungoje angalau wiki, ndipo ugeukie kingine. Wanaobadilisha taa, chumvi na pampu siku moja hawajui kilichosaidia wala kilichoua.

Wapo watakaosoma haya na kuwaza kwamba, tumbawe la tangini likifa, mwamba uko pale na maji yakipwa siku za bamvu wataenda kuchukua jingine. Msifanye hivyo. Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu mwaka 1975, na kuchukua chochote humo ni kosa. Matumbawe yote ya mfupa yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo hata la kununua kutoka nje linapaswa kuja na karatasi zake. Muuzaji asiye nazo mwache na mali yake. Nje ya maeneo hayo, kumbuka kwamba mwamba ulionusurika baruti na joto ndio unaotoa mbegu za kujaza kwingine. Pwani hii imeshachukua mengi kutoka kwenye matumbawe: kuta za magofu ya Kaole zimejengwa kwa mawe yake, nyumba za Mji Mkongwe wa Bagamoyo vilevile, na chokaa iliyochomwa kwayo ilipaka majumba ya vizazi. Chumbe, kisiwa kilicho kusini ya mji wa Zanzibar, ulipofungwa uvuvi kwenye mwamba wake mwaka 1994, hapakupandwa kitu. Paliachwa. Leo ni miongoni mwa miamba iliyo katika hali nzuri kabisa katika Mlango wa Zanzibar, ingawa nao ulipita katika joto la 1998 na la 2016.

Wenye boti za kupeleka wageni Mbudya au fungu la Mwambakuni nao wana la kufanya. Nanga moja iliyotupwa juu ya mwamba na kuburutwa na mkondo huvunja kwa dakika kilichokua kwa muongo. Palipo na boya, fungeni kwenye boya. Pasipo na boya, shusheni kwenye mchanga, na mumwambie mgeni asisimame juu ya mwamba hata akichoka kuogelea. Kipande mlichokivunja kwa bahati mbaya, kibaneni kwenye ufa wa jiwe imara pale pale mahali pasipotikisika, msikiache mchangani kikabingirika, wala msikilete nyumbani.

La mwisho linahusu tumbawe lililoshindikana. Nyama ikiisha yote, na wiki kadhaa zikapita usiku kwa usiku bila mnyiri hata mmoja kutoka, limekufa. Libakize tangini kama jiwe, litakaliwa na bakteria wa kusafisha maji na watoto wa kamba. Usilitupe baharini, si mfupa wake, si maji ya tangi, si mwani ulioung'oa wala samaki uliyemchoka, hasa kama kuna kitu humo kilichotoka nchi nyingine. Mwani au ugonjwa wa kigeni ukishaingia kwenye mwamba hakuna wa kuurudisha. Maji yamwage shimo la choo, mawe yakaushe juani miezi miwili, na viumbe hai vitafutie mtu mwingine mwenye tangi.